Pumziko la Ukingoni

JUMATANO

Soma Walawi 25:1–7 na 20–22. Mungu alijua watu wangeuliza swali gani kuhusu mwaka wa saba? Alilijibuje?

Sabato haikutolewa kwa wanadamu peke yao. Katika Israeli ardhi nayo ilipumzishwa kila mwaka wa saba. Mungu hakukasirikia hofu ya mwenye familia aliyetaka kujua watoto wake watakula nini.

Hofu hiyo ipo Kyela pia. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huingia Ziwa Nyasa kupitia nchi tambarare inayotoa mchele unaosifiwa Tanzania nzima. Ziwa hilo halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini matete ya kingoni hufanya kazi inayofanana na ya mikoko ya pwani: hupunguza kasi ya maji, hunasa udongo na kuwaficha samaki wachanga. Mbasa hutoka ziwani na kupanda mitoni kutaga. Tope likifunika mayai, mengi hufa. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Lakini mjane ambaye shamba lake lote limo ndani ya mita hizo afanye nini? Akiacha kulima, matete yataota tena kutoka katika mizizi iliyobaki. Je, yeye atakula nini?

Angalia tena fungu la 6 na la 7. Kilichoota chenyewe kilikuwa chakula cha mwenye shamba, mtumishi, mgeni na mnyama. Pumziko la ardhi halikuwa mzigo wa mtu mmoja. Jamii nzima ilipumzika na kula pamoja. Kwa hiyo kanisa linalomhimiza mshiriki wake aache ukingo limpatie na kipande cha kulima mbali na mto. Na mafuriko yakiingia nyumbani kwake, asiambiwe kwamba Mungu anamwadhibu. Afunguliwe mlango.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwanzo 2:15 inataja kulima na kutunza. Kwa nini moja husahauliwa kwa urahisi?

2. Ni nani kanisani kwenu analima ukingoni kwa sababu hana pengine? Darasa lenu litamfanyia nini kabla ya masika?