Nauli ya Haki ni Ipi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kwa nchi nzima. Bei ikipanda, habari hiyo haikawii kufika Songea. Asubuhi ile ile abiria wa bodaboda aambiwa, "Mafuta yamepanda, mama," naye hana la kujibu. Neno hilo moja limekwisha kuwa hoja isiyopingwa. Yatupasa leo tuliangalie kwa makini, kwa maana ndani yake mna ukweli, na mara nyingine nyuma yake hujificha udhalimu.

Ukweli wake ni wazi. Bei zetu Ruvuma huhesabiwa kwa mafuta yanayoshushwa katika bandari ya Mtwara, nayo huja kwetu kwa malori kupitia Masasi, Tunduru na Namtumbo, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Gharama ya safari hiyo huongezwa juu ya kila lita. Tena bei yenyewe huanzia mbali kupita upeo wa macho yetu. Vita ya Mashariki ya Kati ya mwaka 1973 ilifanya bei ya mafuta duniani ipande karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, petroli nchini mwetu ilipita shilingi 3,000 kwa lita, hata serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi wa Juni. Kijana wa bodaboda wa Bombambili hakuianzisha vita yo yote. Kumlaumu yeye kwa bei ya petroli ni kumwonea.

Basi tusiulize nani ameleta mzigo huu. Tuulize hivi: mzigo ukishatufikia, je, ni halali kila mtu kumtwika jirani yake? Mwenye lori amtwika mfanya biashara, mfanya biashara amtwika mnunuzi, dereva amtwika abiria. Kila mmoja aona amejiokoa. Lakini safu hii ina mwisho wake, na mwishoni amesimama mtu asiye na wa kumtwika. Ni mkulima wa Madaba ambaye bei ya mahindi yake hutajwa na mnunuzi. Ni mfanyakazi wa nyumbani ambaye mshahara wake haujui kupanda. Ni mama anayempeleka mtoto mgonjwa katika hospitali ya Peramiho. Hao hulipa kwa niaba ya wote.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipima jambo la bei ya haki kwa mizani ambayo ingali yafaa leo. Alifundisha kwamba muuzaji aweza kudai fidia ya hasara anayoipata yeye mwenyewe, kwa kuwa hasara hiyo ni mali yake. Lakini haja kubwa ya mnunuzi si mali ya muuzaji, wala hana haki ya kuiuza. Tulitie fundisho hili katika nauli. Petroli iliyoongezeka bei ni hasara ya dereva, naye ana haki ya kurudishiwa. Mvua, usiku, na ugonjwa wa mtoto ni haja za abiria. Anayezitoza hizo auza kitu kisicho chake.

Na sasa tufanye hesabu, maana haki hupenda hesabu. Tuseme pikipiki yatumia lita moja kwa kilomita 40 hivi, na petroli imepanda shilingi 300 kwa lita. Safari ni ya kilomita 5, tena dereva arudi bila abiria, jumla kilomita 10. Hiyo ni robo lita, na nyongeza yake ni shilingi 75. Akiongeza shilingi 100, hapana mwenye haki ya kunung'unika. Lakini akiongeza 500 na kusema, "Mafuta yamepanda," basi shilingi 75 zimesemwa na mafuta, na zilizobaki zimesemwa na mtu mwenyewe.

Dereva atatujibu, naye asikilizwe. Pikipiki nyingi si mali yao wanaoziendesha. Mwenye chombo adai hesabu yake jioni, abiria wawe wengi au wachache. Tairi na vipuri navyo vimepanda, na unga wa nyumbani kwake haukubaki nyuma. Hayo yote ni gharama za kweli, na yaingie katika nauli kwa majina yake. Lakini mwenye chombo naye ajipime: ameongeza hesabu ya kijana kwa sababu gani, ikiwa yeye hanunui petroli?

Wala abiria asijifanye hana hatia. Yuko mwenye mshahara mzuri ambaye humbana kijana mpaka akubali nauli isiyorudisha hata mafuta, kisha hujisifu kwamba anajua kupatana. Yuko bwana wa nyumba ambaye mtumishi wake hupanda daladala kila siku kutoka Ruhuwiko. Nauli imepanda, mshahara umesimama, naye bwana adhani jambo hilo halimhusu. Yamhusu. Anayehitaji kazi ya mtu ahitaji pia miguu iliyomleta kazini.

Kuna kipimo kingine cha dhamiri, nacho ni kikali kuliko vyote: bei inaposhuka. Jumatano ya kwanza ya mwezi hutangaza pia mashuko, lakini asubuhi hiyo hatusikii mtu akisema, "Mafuta yameshuka, mama." Nauli hupanda pamoja na petroli, kisha petroli hushuka peke yake. Yeye aliyepandisha kwa sababu ya mafuta, sababu ikiondoka amebaki na nini mkononi? Ikiwa hana gharama nyingine ya kweli ya kutaja, amebaki na fedha ya mwenzake.

Dawa iko karibu nasi. LATRA huweka kikomo cha nauli za mabasi na daladala, lakini nauli ya bodaboda kwa kawaida ni ya mapatano, na mapatano yahitaji nuru. Kila kijiwe kina viongozi wake. Wakutane mara moja kwa mwezi, waandike ubaoni bei ya petroli ya mwezi huo, na chini yake nauli za kwenda sehemu zijulikanazo, za mchana na za usiku. Bei ikipanda, ubao upande. Ikishuka, ubao ushuke. Abiria ataona kwamba haibiwi, na dereva hatalazimika kugombana kutwa nzima. Mwenye nyumba naye aufuate ubao huo huo anapoufikiria mshahara wa mtumishi wake.

Bei ya mafuta hatuiwezi. Shilingi tunayoongeza juu yake twaiweza, nayo ndiyo tutakayoulizwa.