TUJIFUNZE KUNGOJA CHAKULA



Mwezi huu tutafakari pamoja jambo ambalo wengi wetu huliona dogo mno kusemwa kanisani, yaani tabia ya kudokoa chakula kati ya mlo na mlo. Asubuhi tumekunywa chai kwa mkate. Kabla ya adhuhuri tumekwisha kula andazi, karanga na soda. Jioni tunaonja sufuriani mara tatu, na tunapoketi mezani na watoto wetu kumshukuru Mungu, tumekwisha shiba.

Someni Mwanzo 25:29-34. Esau alirudi kutoka nyikani amechoka, akakuta dengu za Yakobo zimeiva. Alijiona yu karibu kufa. Lakini njaa ya nchi inatajwa katika sura ifuatayo; hii ya Esau ilikuwa njaa ya mtu aliyetoka kazini, mwana wa baba mwenye mali. Angengoja kidogo tu, angekula. Hakungoja, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa mlo mmoja. Alipomaliza, alijiondokea kama mtu asiyepoteza kitu.

Hatusemi kwamba chakula ni kibaya. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, akawalisha watu 5,000. Naye Mhubiri (10:17) huisifu nchi ambayo wakuu wake hula kwa wakati wake, ili wapate nguvu. Hatari ni kulitii tumbo kila liagizapo. Asiyeweza kulikatalia andazi, atawezaje kuikatalia rushwa, pombe au hasira? Kiasi ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23), na tunda hukua kidogo kidogo.

Mwili nao hudai haki yake. Kila tulapo kitu chenye sukari, vijidudu vya kinywani huigeuza kuwa asidi inayokula meno, na mate huhitaji muda kuyatengeneza. Mtoto anayemung'unya pipi mchana kutwa hayapi meno yake nafasi hiyo. Tena mwili ukipewa zaidi ya unavyotumia huweka mafuta, na unene huo huweza kuleta kisukari na shinikizo la damu.

Basi tufanyeje? Kwanza, mkono unapokwenda kwenye kabati, tujiulize: Hii ni njaa, au ni huzuni, uchovu, au upweke? Mara nyingi tunalilisha tumbo wakati moyo ndio wenye njaa. Tunywe maji, tumtembelee jirani, tusali sala fupi. Pili, tule milo yetu kwa saa zake, tumeketi, mpaka tutosheke. Tatu, fedha ya andazi tuliloliacha tuiweke koponi, na mwisho wa mwezi tumpelekee mwenye njaa ya kweli. Isaya 58 yatufundisha kwamba mfungo umpendezao Mungu humfikia maskini kwa mkate.

Kitabu cha Sala cha 1662 kinataja siku 40 za Kwaresima, na kila Ijumaa isipokuwa Siku ya Kuzaliwa kwa Bwana, kuwa siku za kujinyima. Tuanze na Ijumaa hii.

Ila watoto wadogo, mama wajawazito na wagonjwa, hasa wanaotumia dawa za kisukari, wale kama daktari alivyowaagiza. Wala tusiihukumu sahani ya jirani. Kila mmoja aangalie yake.

Ndugu, Bwana Yesu alipofunga siku 40 jangwani, jaribu la kwanza lilikuwa mkate. Njaa yake ilikuwa ya kweli, kuliko yetu sote, naye akamngojea Baba. Yeye anaijua vita hii ndogo ya jikoni, na yu tayari kutusaidia tukimwita.

Mungu atupe neema ya kungoja. Amina.