Usiuze Kila Unachoombwa

Wanangu mliotoka shule ya afya, ITM, mwaka huu, na ninyi ambao hamkuisomea kazi hii lakini mjomba amewaachia farmasi yake muiangalie, nawaandikia mapema, kabla hamjazoea. Aliyekwisha kuzoea kazi mbovu hashauriki.

Piteni barabara kubwa ya Uvira kutoka Kavimvira hadi Kalundu mhesabu misalaba ya kijani iliyochorwa kutani. Farmasi ziko kila kartie: Mulongwe, Kasenga, Kakombe, Kimanga. Farmasi haidai kadi, haidai pesa za kumwona muganga, haikuweki kwenye benchi asubuhi nzima. Ndiyo maana mama aliyekesha na mtoto anayehara atafika kwenu kwanza, kabla ya kituo cha afya. Atakuita dokta, hata kama wewe ni mtoto wa jana. Jina hilo utapewa bure, ila deni lake ni kubwa, na mimi mama yenu niliyezeekea kwenye uuguzi ninawaambia deni hilo hulipwa vipi: afya ya mji huu inategemea zaidi yale mtakayokataa kuuza kuliko yale mtakayouza.

Najua mtakavyojibu. Mteja ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Ukimkatalia, atavuka barabara na kununua kwa jirani. Ni kweli, nitarudi hapo. Lakini kwanza tuzungumze juu ya kolera, kwa sababu hapa kwetu haijawahi kuwa mgeni wa kupita.

Kolera iko kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Inajificha, inarudi. Maji ya REGIDESO yakikatika, watu wanashuka ziwani na madumu, na baada ya siku chache hospitali kuu inajaa. Mliokuwa Uvira Aprili 2020 mnakumbuka mto Mulongwe ulivyofurika usiku, ukabeba nyumba na watu, na mabomba ya maji yakaharibika. Mwaka uleule chanjo ya kolera ya kunywa ilitolewa mjini, na waliofuatilia matokeo yake walikuta kwamba hata dozi moja tu ilipunguza hatari ya kuugua kwa karibu nusu, hata baada ya mwaka na zaidi. Ni jambo jema sana. Lakini nusu ya pili bado inabaki, na sehemu yake inapita mbele ya meza yenu.

Mama atasema: "Dokta, nipe Flagyl na tetra za franka elfu moja, mtoto anahara tangu usiku." Hapo ndipo kazi yako inaanza, mwanangu, na haianzi kwa kunyoosha mkono kwenye rafu. Uliza mtoto ana umri gani. Uliza amehara mara ngapi, na kama choo chake ni maji matupu yanayofanana na maji ya kuoshea mchele. Uliza anatapika? Amekojoa tangu asubuhi? Mtazame macho kama yamezama. Finya ngozi ya tumbo uone kama inarudi polepole. Yote hayo hayachukui dakika tatu, na hayahitaji mashine.

Kisha mpe SRO, yale maji ya chumvi na sukari, palepale, kwa kikombe, mbele yako, kidogo kidogo, hata kama anatapika: ngoja kidogo, uanze tena. Mtoto wa kuhara kwa kawaida mwongezee zinki ya siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita. Kama hamna pakiti, mfundishe mama kupima lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nusu tu! Nimeona watu wakiweka chumvi kwa kukisia, na chumvi nyingi inamuumiza mtoto. Na ukiona dalili za kolera, usimweke dukani hata dakika moja zaidi. Mwite motari, mpe mama chupa ya SRO anyweshe njiani, waende hospitali. Mgonjwa wa kolera anaweza kufa kwa saa chache. Wagonjwa wakipata maji na chumvi kwa wakati, hafi hata mmoja katika mia. Wenye kolera kali wakiachwa bila matibabu, nusu yao wanaweza kufa. Flagyl aliyoiomba mama isingemrudishia mtoto hata tone moja la maji aliyopoteza.

Kuna jambo jingine ambalo farmasi inaweza kulifanya mapema kuliko hospitali, na karibu hakuna anayelifanya. Wewe ndiye wa kwanza kuona. Wakija watu watatu wa avenyi moja kununua dawa ya kuhara siku moja, hospitali haijui bado, bureau central ya zone ya afya haijui bado, wewe unajua. Usingoje jioni. Mpigie simu muuguzi mkuu wa kituo cha afya chenu. Simu hiyo inaweza kuleta klorini kwenye kisima au kwenye pwani ya kuchotea maji kabla ya watu hamsini kuugua. Vivyo hivyo kwa mpox. Aina yake mpya ilitambuliwa kwanza Kamituga, hapa hapa Kivu ya Kusini, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya kimataifa. Wagonjwa walio na vipele wanaona haya, wanaanzia farmasi, wanaomba pomadi na amoksi. Ukiwauzia wakaenda zao, umewarudisha nyumbani kulala kitanda kimoja na watoto.

Sasa niwaambie habari ya Ituri, kwa sababu wengi wenu mlikuwa bado wadogo.

Mwishoni mwa mwaka 2014, watu wa Ituri walianza kuletwa hospitalini shingo zimepinda, macho yamegeuka juu, ulimi umetoka nje na hauwezi kurudi. Waganga walifikiri ni meninjiti. Wengine kijijini, bila shaka, walifikiri ni uchawi. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015 walilazwa wagonjwa 1,029. Kumi na mmoja wakafa, na watano kati yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Vidonge walivyokuwa wamemeza vilipopimwa, kopo liliandikwa diazepamu, na ndani yake hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kipimo ambacho kwa mtoto ni sumu.

Sidhani kama waliokuwa wakiuza vidonge vile walitaka kumuua mtu. Kopo lilikuwa na karatasi yake, lina jina, bei ilikuwa nzuri. Nawaomba mfikirie maswali mawili ambayo mtu angeweza kuuliza. La kwanza: kopo hili limetoka kwa nani? Dawa zetu hapa zinafika kwa njia nyingi, kwa barabara ya Bukavu, kwa mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, kwa mashua kutoka Kigoma, na njia zote hizo zina watu waaminifu na wasio waaminifu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi kama zetu, dawa moja katika kumi ni ya uongo au haifikii kiwango. Nunueni kwa depo inayotoa fakture, yenye kibali, mwandike namba ya loti na tarehe ya kuisha. Dawa ya bei ya ajabu ikataeni. Na vita vinapopita, kama tulivyoona tangu Bukavu ilipotekwa Februari 2025 na watu wengi wakavuka Ruzizi kwenda Burundi, dawa zilizoporwa huanza kutembea usiku kwenye mifuko. Atakayewaletea ni kijana mnayemjua. Mkataeni na yeye. Dawa hiyo ni ya mgonjwa wa kifua kikuu fulani ambaye kesho atafika kituoni akute rafu tupu.

Swali la pili ni hili: huyu mtu anahitaji diazepamu kweli? Kwetu mashariki inatolewa ovyo, kwa asiyelala, kwa mwenye moyo unaodunda, kwa mama aliyefiwa. Dawa isiyohitajika, hata ikiwa halisi, ni hatari bila faida. Ikiwa ya uongo, ni kaburi.

Hapo nitawagusa pabaya. Chumba cha nyuma. Ninyi mnajua ninachosema: kile kipazia, kile kitanda cha mbao, serumu iliyotundikwa kwenye msumari, na mgonjwa aliyeambiwa ana "maleria na tifoidi" kabla ya kuchomwa kidole. Farmasi si hospitali. Kwinini ikidungwa vibaya kwenye tako la mtoto inaharibu mshipa wa fahamu, na mguu unabaki mlegevu. Vilema wa namna hiyo mnawaona barabarani, ila hamuulizi walipatia wapi kilema hicho. Na oksitosini! Inatakiwa kukaa kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8, nanyi mnaiweka chini ya bati la Uvira saa saba mchana. Kisha mnaiuza kwa mkunga wa nyumbani ili "aharakishe" uchungu. Ikiwa imeharibika kwa joto, mama atakayetokwa damu baada ya kuzaa haitamsaidia. Ikiwa bado ina nguvu, inaweza kupasua kizazi. Hiyo msiiuze kwa mtu wa nyumbani kamwe, wala msijadiliane.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu mnayajua. Kikohozi kilichozidi wiki mbili hakihitaji sirapu nyingine, kinahitaji kupimwa makohozi. Homa ipimwe kwa kipimo cha haraka, TDR, kabla ya dawa ya maleria, na mtoto mwenye degedege aende hospitali. Wasichana wanaotafuta deksametazoni na siproheptadini ili wanenepe kabla ya harusi, waambieni ukweli: deksa ya kila siku inapandisha sukari na presha, na ukiiacha ghafla baada ya muda mrefu inaweza kukuangusha. Tramadoli bila ordonansi, hapana. Mashine ya presha mnunue, muwapime wazee bure siku moja kwa wiki. Presha haina maumivu, na wengi wanaijua siku mdomo umekwenda upande.

Sasa nirudi kwa jirani aliye ng'ambo ya barabara.

Shida kubwa kuliko zote si ujinga, ni ufukara. Mtu anakuja na noti ya franka mia tano, anaomba vidonge vinne vya amoksi, na dozi ni ya siku tano. Ukimuuzia vinne, vijidudu dhaifu vitakufa na vyenye nguvu vitabaki, kama shamba lililopaliliwa majani na kuachiwa mizizi. Ukimfukuza, atanunua vilevile pengine. Mimi ningefanya hivi. Ningeuliza ana nini. Mara nyingi ni mafua au kuhara, na hahitaji amoksi hata kimoja: kwa mia tano ileile atapata SRO au parasetamoli, na ataondoka na kitu kinachomsaidia. Kama kweli anahitaji antibiotiki, mpe dozi nzima, andika deni. Watu wa Uvira wanajua kulipa deni, wavuvi wa ndagala wanalipa mwezi unapofifia na samaki wanapopatikana. Hutapata yote, nakubali. Utapata jina, na hapa kwetu jina huleta wateja hadi kutoka Kiliba na Makobola.

Jirani naye msimwache. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikuwa na maduka ya dawa baridi yenye matatizo haya haya. Mwaka 2003 wakaanzia Ruvuma: wauzaji wakapewa mafunzo ya wiki kadhaa, duka likakaguliwa, likapewa orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza na zile ambazo haliruhusiwi, likaitwa duka la dawa muhimu. Jambo lile lilisambaa nchini, na waliokimbilia Kigoma wameyaona maduka hayo kwa macho. Hawakuanza kwa kufunga maduka ya watu. Waliwafundisha wote pamoja, ili anayekataa kuuza asipoteze mteja kwa jirani: jirani naye awe amefundishwa kukataa. Sisi tuna ACOREP, mamlaka ya dawa, tuna inspeksheni, tuna zone ya afya, na tuna vijana wa pharmacie wanaomaliza Bukavu. Msingoje wote hao waje. Farmasi kumi za Mulongwe zikikaa Jumapili moja baada ya ibada zikakubaliana kwamba hakuna atakayeuza tramadoli bila ordonansi wala kumdunga mtoto kwinini, tayari kartie imebadilika.

Mvua za Septemba zinakaribia. Kabla hazijaanza kunyesha nataka kila mmoja wenu awe na katoni ya SRO, zinki, na klorini ya maji ya kunywa, na ajue kumweleza mteja kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kwamba maji yanangojewa nusu saa kabla ya kunywewa. Wekeni ndoo yenye robine na sabuni mlangoni. Bandikeni ukutani namba ya simu ya muuguzi mkuu na ya hospitali. Na nunueni daftari la pili, mbali na lile la mauzo: tarehe, avenyi, umri, aliomba nini, ulikataa nini, ulimtuma wapi. Kila Jumatatu asubuhi lipelekeni kituo cha afya, mkae na muuguzi mkuu mlisome pamoja mstari kwa mstari, hata kama wiki hiyo mmeandika watu wanne tu.