Moyo Mzuri Haulipi Boda

Huku Migori na Homa Bay tunamwita nyamrerwa: mhudumu wa afya ya jamii anayepiga hodi kupima presha, kuuliza kama dawa za ukimwi zimemezwa, kumjulia hali mama aliyejifungua juzi. Tangu 2023 posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Anasimamia nyumba kama 100. Gawanya basi: shilingi 50 kwa nyumba, mwezi mzima.

Watu husema ukimlipa sana, wito utakufa. Lakini daktari naye si ana wito? Mbona hatumwambii ale wito? Tukishajua mtu hawezi kumwacha mgonjwa, tunampunja kwa sababu hiyo hiyo. Wema wake unageuka punguzo letu.

Mimi naona bei ya haki haitafutwi kwenye moyo wa nyamrerwa. Ianzie kwa kazi yenyewe: saa alizotembea, nauli ya boda, shamba lake ambalo halijapaliliwa. Posho ni neno la asante, na mama mboga hapokei asante.