Kiti Kibovu na Ujira wa Fundi

Je, ni ubahili mtu kukaa na kiti kikuukuu na kukitengeneza, badala ya kununua kipya? La, sivyo. Mninga hauzeeki upesi. Mara nyingi kilichochoka ni gundi tu. Kiti kikianza kuyumba wengi wetu hukimbilia nyundo na misumari. Misumari hupasua mti, na baada ya majuma machache kiti chayumba kuliko kwanza. Afadhali kuung'oa mguu taratibu, kukwangua gundi ya zamani, kupaka mpya, kisha kuzungusha kamba na kuikaza kwa kijiti mpaka asubuhi. Kitanda cha kamba nacho kikilegea chataka kukazwa tu. Ndiyo maana watu wa pwani walikiita teremka tukaze. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alilaumu desturi ya kutupa vitu ovyo. Basi mwenye kutengeneza afanya vema.

Lakini liko swali gumu zaidi. Kazi nyingine hutushinda, kama vile kiti cha kusukwa au kabati lililoliwa na wadudu. Hapo twamwita fundi. Naye akitaja ujira wake twaanza kulalamika: "Fundi, kiti chenyewe kizee, mbona waniumiza?" Twajua ana watoto, twajua tangu asubuhi hajapata kazi. Atakubali, maana afanyeje? Jioni twajisifu mbele ya wageni kwamba tumetengeneza viti vyote kwa fedha kidogo. Je, fedha hizo tumeziokoa, au tumezitoa mfukoni mwa mwenzetu?

Mtu atasema: "Sikumlazimisha, tulipatana." Baba Mtakatifu Leo XIII alilijibu neno hilo mwaka 1891 katika waraka Rerum Novarum: mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ameonewa, ijapokuwa amekubali. Nami niandikaye haya sina mikono safi. Benchi za kanisa zilipotengenezwa nilishindana na fundi kwa shilingi chache, nikaona nimeitunza vizuri mali ya waamini.

Yafanyike nini, basi, mfuko ukiwa mwepesi kweli? Tupunguze kazi, si ujira. Asiye na fedha ya viti vinne atengenezewe viwili, na vingine vingoje mwezi ujao. Wageni wakizidi, mkeka upo.