Binti Mdogo Aliyejua Kuliko Jemadari

Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Tulipokuwa tukijenga chumba cha watoto hapa Nakivale, mama mmoja mzee alikuja kwangu. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha shida. Alionyesha chini kwa fimbo yake, akasema, "Mchungaji, hapa maji yanapita." Nilitazama, nikaona udongo mkavu. Nikamjibu, "Asante mama, tuna mafundi." Ndugu waliokuwa karibu walicheka, nami sikuwakemea. Mvua zilipoanza, ukuta ulianguka usiku mmoja. Tunamshukuru Mungu, hapakuwa na mtoto ndani.

Mimi nimesoma chuo cha Biblia. Yule mama amelima milima ya Fizi tangu utoto wake. Kwa habari ya maji na udongo, nani kati yetu alikuwa msomi?

Naamani alikuwa jemadari wa Shamu, mtu mkubwa, lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani mwake alikuwamo binti mdogo wa Israeli, aliyetekwa na vikosi. Wapendwa, huyu binti tunamjua. Ni mtoto wa vita, anatumika katika nyumba ya watu, mbali na kwao. Hata jina lake hatukuandikiwa. Lakini katika nyumba ile, yeye ndiye aliyejua mahali pa kupata uponyaji. Bibi yake angeweza kusema, "Mateka anajua nini?" Badala yake neno lile lilipokelewa, likafika hata kwa mfalme.

Baadaye Naamani mwenyewe alikaribia kuukosa uponyaji. Alikasirika kwa sababu nabii hakutoka kumlaki, na Yordani aliuona mto wa bure mbele ya mito ya Dameski. Nani walimwokoa? Watumishi wake, waliomsihi kwa upole. Alishuka, akajichovya mara saba, akatakasika. Mara mbili Mungu alimsaidia kwa kinywa cha mtu wa chini.

Sisi tunajua uchungu wa kudharauliwa. Wako kati yetu waliofundisha shule kule Kongo kwa Kifaransa. Hapa hawana Kiingereza, wanafokewa kwenye foleni kama watoto. Watoto wetu wenye akili wamerudishwa madarasa ya chini kwa sababu hiyohiyo. Hawakuacha akili zao mpakani. Wamekosa tu lugha ya kuzionyesha.

Lakini tazameni tunavyotendeana. Tunacheka Kiswahili cha ndugu kutoka Burundi. Tunamfokea mgeni aliyefika juzi. Na vijana waliojua Kiingereza wanawaambia wazazi wao, "Ninyi hamjui kitu." Katika Mathayo 5:21-22 Bwana Yesu anapofundisha juu ya kuua, palepale anataja kumwita ndugu mpumbavu. Basi si jambo dogo.

Kumheshimu mtu si kukubali kila neno lake. Mafundi wangeweza kumsikiliza yule mama, wakapima, kisha wakaamua. Kosa langu ni kwamba niliamua kabla ya kupima. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kwa hiyo, wapendwa, tuuulize kabla ya kuhukumu. Katika vikao vyetu tumpe nafasi asiyejua Kiswahili, na mtu wa kumtafsiria. Wewe kijana unayemtafsiria mama yako ofisini, sema maneno yake yote, usiyakate. Na ukimdharau mtu, nenda ukatubu kwake.

Mimi nilikwenda kwa yule mama, nikaomba msamaha mbele ya wazee wa kanisa. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, yamekwisha. Leteni majembe, tuchimbe mfereji." Chumba kipya kimejengwa pale alipotuonyesha yeye.

Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.

Mchungaji wenu