Mangungo mbele ya karatasi

Mkataba wa madini ukizua zogo Tanzania, jina la Mangungo wa Msovero huibuka magazetini na bungeni: yule chifu aliyetia alama kwenye karatasi akaigawa nchi. Hukumu hiyo hupitishwa kama kumbukumbu yetu wenyewe. Kwangu ni sauti ya Carl Peters, Mjerumani aliyefunga naye mkataba huo, katika vinywa vyetu, maana anayemcheka Mangungo amekwisha kubali kwamba yaliyoandikwa tarehe 29 Novemba 1884 ndiyo yaliyozungumzwa.

Basi tuisome hati yenyewe. Ni ya Kijerumani, imepewa sura ya urafiki wa milele, na inamtaja Mangungo kuwa “sultani” anayetoa eneo lake lote na haki zake zote kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Papo hapo inahifadhi haki za Mwenyi Sagara, kama anazo juu ya eneo hilo. Hapo mwandishi kajikwaa: ikiwa yuko mkubwa juu ya Mangungo, Mangungo ametoa mali ya nani? Peters mwenyewe, alipokuja kusimulia safari ile, alieleza vinywaji, zawadi, bendera kupandishwa na bunduki kufyatuliwa. Mgeni anayepokewa hivyo anaweza kudhaniwa rafiki. Kudhaniwa mnunuzi wa nchi ni jambo jingine kabisa.

Atasema mtu kwamba kumbukumbu hubadilika kila kizazi, ila wino umekwisha kauka. Sawa, lakini wino hushuhudia nia ya aliyeshika kalamu tu. Alama ya Mangungo yathibitisha kwamba mkono uligusa karatasi. Ridhaa haipatikani mpaka pande mbili zikusudie jambo lilelile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utetezi huu unamfanya Mangungo mtoto mdogo. Hapana. Huenda alijua barabara alichokikubali, na mwenzake akaandika kingine. Tena kuielewa karatasi kusingemwokoa. Sultani Barghash wa Unguja alizijua vizuri hati na mikataba ya Wazungu, na Kaisari wa Ujerumani alipotoa hati ya ulinzi kwa nchi za mikataba ya Peters tarehe 27 Februari 1885, Barghash alipeleka simu Berlin kupinga. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, naye akasalimu amri.